Punje za Buluu

Kwa miaka minne nilikaanga punje zisizoliwa. Kila Ijumaa jioni mwanangu alirudi kutoka kazini na kikopo cha bati chenye matundu, akakiweka juu ya meza ya jikoni na kusema, "Mama, Babu ana mafua tena." Nami nilikuwa nimeshatoa kikaango.

Punje zenyewe zilifanana na chumvi ya mawe, ngumu na za kung'aa. Zikinyonya unyevu huwa za waridi. Unazimwaga kwenye kikaango chake peke yake ambacho hakipikiwi kitu kingine, unawasha moto mdogo na kuzigeuza polepole kwa kijiko cha mti. Baada ya nusu saa hivi zinaanza kugeuka, za pembeni kwanza, mpaka zote ziwe za buluu. Zikiwa za buluu zimekauka. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuliona hilo, na mjukuu wangu alikuwa akisimama kwenye kigoda kuliona. Naanza na rangi hiyo kwa sababu mkono wa mtu umepotea juu yake.

Babu hakuwa mtu. Ndilo jina walilokipa kipimo cha mionzi kule karakana, kwa kuwa kilikuwa cha zamani, kizito, na ukikiwasha lazima ukisubiri kiamke. Kilikuwa sanduku la chuma lenye mpini juu na mshale nyuma ya kioo. Karakana yao inatengeneza mabomba na matangi ya mvuke. Wachomeleaji wakishaunga vyuma, kila kiungo hupigwa picha ya eksirei, kama mfupa wa mtu, ijulikane kama ndani mna ufa. Mwanangu ndiye msimamizi wa usalama. Kazi yake ni kuhakikisha mionzi inayoingia kwenye chuma haiingii kwenye watu. Na kwa kuwa mionzi haionekani, hainuki wala haichomi papo hapo, kazi yote hiyo inasimama juu ya jambo moja, kwamba kipimo kinasema kweli.

Babu alisema kweli, ila hakuvumilia unyevu. Punje ndizo zilizomkaushia tumbo. Zikilowa, mshale ulipanda wenyewe bila sababu yoyote. Mara mbili karakana nzima ilikimbilia nje, wengine na barakoa zao za kuchomelea usoni, wakaja kukuta mashine ya eksirei haijawashwa hata kidogo. Walitaniana wiki nzima. Ndipo kazi ya kukaanga ikaja kwangu, maana tanuri la pale kazini lilikuwa limekufa na mimi nilikuwa nyumbani na jiko langu.

Aliyembeba Babu kila siku alikuwa mpiga picha wa karakana, rafiki wa mwanangu tangu darasa la kwanza. Walimwita Bega. Zamani alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na bega lake la kushoto halikurudi sawasawa. Alikuwa akija na mwanangu Ijumaa kunywa chai. Kabla ya kukaa aliniuliza, "Wako wapi vipofu wako, mama?" Vipofu ni sindano zangu. Nashona nguo za watu kidogo kidogo, kurekebisha zipu na kupunguza suruali, lakini macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Bega alitunga uzi kwenye sindano sita, mweusi, mweupe, kahawia, kijivu, mwekundu na wa kijani, akazichomeka kwenye mto wangu wa sindano, zikanitosha wiki nzima. Vidole vyake vilikuwa vinene, lakini uzi ulimtii. Sijawahi kumwomba. Siku moja aliniona nahangaika, na kuanzia hapo hakusahau hata Ijumaa moja.

"Bega linasemaje leo?" nilikuwa nikimuuliza.

"Linakusalimu. Linasema likiambiwa limpandishe Babu ngazi mara nyingine, litaandika barua ya kuacha kazi, liniache mimi peke yangu pale."

"Mwambie msimamizi wako."

"Msimamizi wangu huyo hapo anakula mkate. Hasikii."

Mwanangu alisikia. Alikuwa mtu wa kusikia sana, hata mambo yasiyosemwa. Msimu wa baridi mwaka ule kikaango kiliniteleza, nikaungua kifundo cha mkono. Alinifunga bendeji, akakaa akiitazama ile bendeji kuliko nilivyoitazama mimi.

Mwezi huohuo karakana ililetewa mashine mpya ya eksirei. Ile ya zamani ilikuwa kubwa, haikutoka chumbani mwake. Hii mpya ilitumia betri, ilikuwa na ukubwa wa keekee ya umeme ya kutobolea, na mtu angeweza kupanda nayo ngazi mpaka kwenye bomba lenyewe. Mashine inayotembea ilihitaji kipimo kinachotembea. Mwanangu akaambiwa achague.

Alikaa na daftari lake meza ya jikoni jioni mbili. Jioni ya pili alinisomea ukurasa wenye kichwa, Kuchagua Kipimo. Kiwe chepesi. Kisiwe na punje. Kilie kwa sauti kubwa. Tarakimu zake zisomeke bila miwani. Kivaliwe mkandani ili mikono iwe huru.

Niliuona moyo wake wote kwenye ukurasa ule. Uchepesi ulikuwa kwa ajili ya Bega. Sauti ilikuwa kwa ajili ya wachomeleaji, ambao masikio yao yameishia kwenye makelele. Tarakimu zilikuwa za mtunza stoo aliyevunja miwani yake na kuona aibu kusema. Punje zilikuwa zangu. Nilimwambia, "Umewafikiria watu wote, mwanangu." Na kweli alikuwa amewafikiria watu wote. Ni mashine tu ambayo haikuwemo ukurasani.

Muuzaji alileta kidude cheusi kinachojaa kiganjani, akawaachia wiki moja wakijaribu. Kililia tii-tii-tii, na wachomeleaji hawakuchukua hata nusu saa kukipa jina. Chiriku.

Ijumaa ya wiki ile walirudi wote wawili, Babu kabebwa na mwanangu safari hii, Chiriku kaning'inia mkandani kwa Bega kama simu. Bega alianza hadithi kabla ya kuvua viatu.

"Mama, leo kulikuwa na mashindano, Babu na Chiriku. Tumewapa kidonge cha majaribio, kile chenye mionzi kidogo, wote wawili wametoa jibu moja, sawasawa, kama mapacha. Tumetoka hapo tumewapeleka kwenye ile mashine ndogo. Babu! Mshale umeruka mpaka nikamwonea huruma. Ametetemeka kama mtu aliyeona nyoka. Chiriku hana habari. Tii, tii, basi."

"Punje," alisema mwanangu.

"Nimemwambia hivyohivyo. Babu kazeeka, kila akitoka nje anashikwa na baridi."

Nilikuwa namimina chai. Nikasema, "Punje zilikuwa za buluu."

Mwanangu akanishika mkono, ule wenye bendeji, akaushika kama unavyoshika yai. "Mama, wiki iliyopita ulizikaanga kwa mkono mmoja. Na macho yako unayajua mwenyewe. Sindano huioni."

"Sindano ni tundu. Hii ni rangi."

"Za chini huenda hazikukauka. Si kosa lako. Ndiyo maana sitaki uendelee kuungua kwa ajili ya karakana."

Aliyasema kwa upole sana. Bega naye aliniangalia kwa upole uleule, sindano mkononi. Nikaona wanaume wawili niliowapenda wakinionea huruma, na mimi bibi nimesimama na birika nikibishana juu ya kikaango.

"Labda," nikasema.

Mwanangu aliandika kwenye fomu ya majaribio kwamba kipimo cha zamani kilikuwa na unyevu. Akamchagua Chiriku. Alikiosha kikaango changu kwa mikono yake, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akasema, "Umestaafu rasmi, mama. Pensheni yako ni chai." Tulicheka. Babu alibaki kwetu, chini ya meza ya cherehani, amefunikwa kwa vitambaa. Kijitabu cha maelezo cha Chiriku nacho alinipa nikitunze kwenye droo, maana kule kazini, alisema, kila karatasi hugeuzwa kikalio cha kikombe.

Jumapili, walipotoka wote, nilipiga magoti nikamfungua Babu. Nilitoa kile kikopo nikakipeleka dirishani. Nilizimwaga punje zote kwenye sahani nyeupe, za juu na za chini, nikazisambaza kwa kidole.

Zilikuwa za buluu. Zote.

Nilizirudisha, nikamfunika. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni kwa ajili ya jioni. Lakini jioni mwanangu alirudi kutoka zamu ya Jumapili akiwa na furaha, anamwambia mkewe jinsi Bega alivyopanda na kushuka ngazi mchana kutwa bila kushika bega lake. Nikajiambia, mama mzima, unataka nini? Unataka mtoto arudishe uamuzi wake ili wewe uonekane una macho? Nikajiambia wao wamesoma, huenda kuna jambo lingine lililomrusha Babu. Nikayameza yale maneno. Yakaenda wiki, yakaenda mwezi.

Ule mwaka ulikuwa mzuri, siwezi kusema vingine. Bega alinenepa kidogo. Alilala vizuri. Karakana haikukimbia hata mara moja. Kila mtu alivaa pia beji kifuani, kijiplastiki kinachotumwa mbali baada ya miezi mitatu kikasomwe mionzi kiliyokusanya. Mara moja beji ya Bega ilirudi na namba kubwa kupita kiasi. Mwanangu aliisoma hapa mezani mara mbili.

"Uliiacha wapi hii?" alimuuliza.

"Sijui. Labda kwenye koti. Koti nalitundika karibu na mashine."

"Chiriku alikuwa anasema ngapi?"

"Siku zote yaleyale. Kidogo tu."

"Basi ni koti." Akaandika kwamba beji ilisahauliwa. Kipimo kilikuwa kimeshasema, na walimwamini kwa sababu walimchagua kwa mapenzi. Bega akamalizia sindano ya sita, akaniwekea.

Sindano ndizo zilizonionyesha. Ijumaa moja, miezi kumi na minne baada ya yale mashindano, Bega alikaa na uzi mweusi, akaulowesha mdomoni, akakosa tundu. Akakosa tena. Aliubana tena uzi, ukamponyoka akabaki amebana vidole vitupu bila kujua kuwa uzi umeshaanguka. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Nilimwona akiutafuta uzi kwa macho, kwa kuwa vidole havikumwambia.

"Leo vipofu wamenishinda, mama."

"Lete mkono nione."

"Ni bomba la moto. Litapona."

Ncha za kidole gumba, cha shahada na cha kati zilikuwa nyekundu na zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Mistari ya ngozi ilikuwa imefutika. Kucha zilikuwa na michirizi myeusi, na ubavuni mwa kidole cha shahada palikuwa na kidonda kidogo kikavu.

Mkwe wangu ni muuguzi. Alikuwa ameingia tu kutoka zamu, hata mkoba hajautua. Alimchukua Bega kwa kiganja mpaka dirishani.

"Bomba la moto ulilishika lini, shemeji?"

"Sikumbuki vizuri."

"Mtu anakumbuka aliposhika bomba la moto."

Bega akatabasamu, akanitazama mimi nimsaidie. Sikuwa na msaada.

"Ile filamu ya picha," mkwe wangu akauliza, "mnaibana na nini kwenye bomba?"

"Sumaku."

"Siku zote?"

"Pakiwa na nafasi. Kwenye kona sumaku haikai, naishika mwenyewe. Ni sekunde chache, shemeji. Chiriku anakuwa hapa mkandani, anasema kidogo tu. Namsikiliza."

Mkwe wangu aliuachia mkono wake. Alimgeukia mumewe. Mwanangu alikuwa bado ana kikombe mkononi, na nilimwona akikitua mezani polepole, kama kikombe kimejaa mpaka juu, na kilikuwa kitupu.

Kesho yake asubuhi alikitoa kikaango msumarini. Punje zilikuwa zimegeuka waridi kwa kukaa muda ule wote. Alisimama kando yangu jikoni, akazitazama nikizigeuza, hakuketi hata mara moja. Zilipokuwa za buluu alichukua kijiko akazipekua mpaka za chini, akachukua chache akazitazama kwenye mwanga. Alimbeba Babu begani na kwenda naye karakana, na Bega hakwenda, maana mkwe wangu alishampeleka hospitali.

Alirudi mchana. Alinikuta kwenye cherehani, akaomba kile kijitabu. Nilikitoa kwenye droo, bado kipya, nilikuwa nimekifunga kwenye nailoni kisiingie vumbi. Alikisoma akiwa amesimama. Kisha alikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo.

"Mama, ile mashine ndogo haimwagi mionzi kama maji ya bomba. Inatoa kwa vishindo. Kishindo, kimya, kishindo, kimya. Kila kishindo ni kifupi, kufumba jicho ni milele kwake. Na ndani ya kishindo kimoja mnabanana mionzi isiyo na hesabu."

"Ndiyo."

"Chiriku anahesabu moja moja. Ikija pamoja anahesabu mmoja. Ni kama bawabu umemwambia ahesabu abiria, yeye anahesabu mabasi. Jioni anakuambia leo wamepita watu kumi, na hana nia ya kukudanganya. Babu hahesabu moja moja, Babu anaipokea yote kwa jumla." Alikifunga kijitabu. "Imeandikwa humu. Ukurasa wa mwisho. Kisitumike kwenye mashine ya vishindo. Mstari mmoja."

"Na kile kidonge cha majaribio?"

"Kidonge hutoa taratibu, bila vishindo. Pale wataafikiana siku zote."

Nilitaka kumshika kichwa. Nikamshika. Alikubali kwa muda, kisha akainuka.

"Swali lilikuwa moja tu," alisema. "Nauliza mashine inatoa nini na inatoaje, ndipo nichague. Mimi niliuliza nani anaumwa bega."

Chiriku alirudishwa, mashine ndogo ikafungiwa stoo, mwanangu akawaandikia wenye mamlaka kila kitu mwenyewe, kurasa saba, bila kujitetea. Lakini vidole havikuwa na haja na kurasa. Nimeuguza watu wengi maishani, sijaona kidonda kama kile. Kidonda cha moto huanza kibaya na kila siku kinakuwa afadhali. Kile kilianza kidogo, na kila siku kilikwenda ndani. Walimpaka, wakamfunga, wakamchuna ngozi ya paja wakaipandikiza, ikakataa. Maumivu yalimfanya mtu yule mwenye utani aombe radhi kila anapopumua. Mwezi wa tatu walikata kidole cha shahada. Wa tano walikata cha kati, na nusu ya gumba. Ni mkono wa kulia.

Siku nilipokwenda kumwona wodini, mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anamshikia kikombe. Mzee mgeni kabisa, naye ana mguu wa plasta. Alimnywesha, akampangusa kidevu, akarudi kitandani kwake kwa shida. Nilimshukuru. Akasema, "Nami ananisomea gazeti, mama."

Mwanangu alikuwa akienda kila siku baada ya kazi. Walikaa tu. Mkwe wangu aliniambia aliwakuta mara moja, mmoja kitandani na mmoja kwenye kiti, na hakuna aliyekuwa anasema, na Bega ameuweka ule mkono mzima juu ya goti la mwanangu.

Alipotoka hospitali alirudia Ijumaa zake. Alikuja na mfuko wa mashati saba. "Vifungo, mama. Kila asubuhi napigana navyo mpaka nachelewa. Hebu viondoe, uniwekee vile vitepe vya kushikana." Nilipokea. Kwenye mto wangu palikuwa bado na sindano moja aliyoitunga zamani, ya uzi mweupe mrefu, ambayo sikuigusa tangu siku ile. Nilianza nayo. Shati moja kwa wiki, nilijipangia, ili awe na sababu ya kuja.

Ijumaa ya tatu alikuwa na karatasi mfukoni. Mwanangu hakuwa amerudi bado. Bega aliitoa kwa mkono wa kushoto, akaifungua kwa kuibana na kidevu. Sikumsaidia, maana niliona hataki.

"Uchunguzi umekwisha," alisema. "Wameandika Chiriku hakufaa. Hilo tunalijua. Halafu wameandika hapa, kwamba siku ya majaribio kile cha zamani kilikuwa na unyevu, kwa hiyo siku ile hapakuwa na kipimo chochote ambacho kingewaonyesha wahusika ukweli. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua."

"Hilo wamelichukua kwenye fomu ya mwanangu."

"Ndiyo. Rafiki yangu ameandika kila kitu, lakini hilo hakulifuta. Sidhani kama anathubutu kulifikiri." Aliikunja karatasi dhidi ya kifua chake. "Nimeisoma mara nyingi, mama. Inanipa usingizi. Kama hakuna aliyeweza kujua, basi ni kama mvua, imenyesha tu, imenikuta. Naweza kuishi hivyo." Halafu akasema, "Lakini nakumbuka ulisema kitu siku ile. Ulikuwa umeshika birika."

Niliweza kusema nimesahau. Bibi wa umri wangu anaruhusiwa kusahau, hakuna atakayemlaumu. Niliweza kusema za chini hazikukauka, kosa ni langu, na mimi nisingepungukiwa na kitu, na mwanangu angekuwa mtu aliyenyimwa ukweli, si mtu aliyeusukuma kando. Yote mawili yalinijia. Lakini Bega alikuwa ananiangalia, na hajawahi kunidanganya hata juu ya sindano.

"Zilikuwa za buluu, baba," nikasema.

"Una hakika?"

"Jumapili yake nilimfungua Babu. Nilizimwaga kwenye sahani. Zilikuwa za buluu zote, za juu na za chini."

Nilisikia jirani akiburuta ndoo uani, na mjukuu wangu akiimba peke yake chumbani.

"Jumapili yake," alirudia.

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Kwa nini, mama?"

"Alikuwa na furaha. Na wewe ulikuwa unalala vizuri."

Alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Ningepokea hasira. Aliinuka, akajaribu kuvaa koti, mkono wa koti ukageuka ndani, nikasimama kumsaidia, akarudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu, ndogo. Alilitupia koti begani, lile bega bovu.

"Nikuwekee mashati yaliyokwisha?" nilimuuliza.

"Yaache tu, mama. Nitayapitia." Mlangoni akasema, "Shikamoo," kama mtu anayeingia, akagundua, akatoka.

Mwanangu aliporudi aliona vikombe viwili.

"Bega amekuja?"

"Amekuja."

"Amesemaje?"

"Ameniuliza rangi."

Alisimama na mkoba mkononi. Nilimngoja aniulize nilijibu nini. Aliutua mkoba, akachukua kikombe cha Bega, akakiosha, akakikausha, akakirudisha kabatini, kisha akaenda chumbani kwake na kufunga mlango bila kelele.

Hiyo ilikuwa Ijumaa ya mvua ndogo. Zimepita kumi na moja. Wanaonana kazini, maana Bega amepewa kazi ya kukaa getini kuandika magari kwa mkono wa kushoto. Husalimiana. Chai kila mmoja anakunywa kwao. Mwanangu amechagua kipimo kingine, cha aina ya Babu lakini kidogo kuliko yeye, na punje zake huja kazini zimeshakaushwa. Daftari lake sasa lina maswali kurasa tatu kabla ya kufika kwa watu. Huniletea nilisome, nami naona ni zuri, namwambia ni zuri.

Nimeendelea na mashati. La nne nilikuwa nimefika katikati, kitepe cha pili, uzi wa Bega ukaisha. Sindano bado imechomekwa palepale kwenye kitambaa. Mwanangu aliiona, akakaa chini ya taa akajaribu kunitungia mara kadhaa, hakuweza. Nilimwambia aache, haina haraka, hakuna anayelisubiri.